Uzi mnalipia, mchoro mnataka bure

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi mimi basi marahaba. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, sitakuwa mfupi sana unisamehe.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba kina mama wa kusini tuache kukaa barazani na sindano tukidarizi vitambaa, maana ile sio biashara ni kupoteza muda tu. Nilisoma nikacheka, nikarudia nikanuna. Kilichoninunisha ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli.

Mi nadarizi kros-stichi tangu niko darasa la sita, ile ya misalaba midogo midogo kwenye kitambaa cha vitundu, nadhani mtu wa umri wangu anakumbuka sebuleni kwao kulikuwa na kimoja kwenye fremu ukutani kimeandikwa Karibu Mgeni na jogoo wawili wanatazamana. Naipenda kazi hii kuliko chakula. Lakini tupige hesabu bila kuoneana aibu. Kitambaa ninachotumia ni aida namba 14, maana yake kwenye inchi moja kuna viboksi 14, kwa hiyo inchi moja ya mraba inakula misalaba 196. Picha ya viboksi 140 kwa 100 sio kubwa, haifiki hata karatasi ya A4, ila ukiijaza yote ni misalaba 14,000. Mkono wangu ukiwa umechangamka na umeme haujakatika unapiga misalaba kama 120 kwa saa, gawanya mwenyewe, ni zaidi ya masaa 116. Moja ya namna hiyo niliiuza 60,000 kwa mama mmoja wa Shangani na bado akaniomba nimpunguzie. Toa kitambaa, toa nyuzi, toa fremu ya seremala, nilibaki na 35,000, yaani kama mia tatu kwa saa. Hapo sijahesabu macho.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kwa kitambaa umenishinda. Ila hukuuliza kile kitambaa kilitokana na nini. Kilitokana na mchoro, na mchoro ule niliuchora siku nne nikaumaliza, na mpaka leo bado unaniingizia hela wakati kitambaa chenyewe nilishakisahau.

Ilianza kimasihara. Michoro yote tuliyokuwa tunadarizi huku ilikuwa ya nje, nyumba zenye theluji juu ya paa, mawaridi, paka kwenye kikapu. Nikajiuliza mbona hakuna bibo, lile tunda la mkorosho, mtu unakaa Mtwara, msimu wa korosho ndo unaolipa ada na mahari na bati, halafu ukutani kwako kuna theluji. Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu lile lenye viboksi nikaanza kupaka rangi kiboksi kimoja kimoja. Bibo lenyewe halikunisumbua. Korosho ndo ilinitoa jasho. Ile korosho inayoning'inia chini ina pindo kama figo, na kros-stichi haijui pindo, inajua ngazi. Kila nikichora naona kitu kama kiatu. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka, nikachora kubwa zaidi ikawa afadhali lakini nzito, mwisho nikagundua naweza kuacha ngazi zilivyo afu nikazungushia mstari mwembamba wa uzi mmoja mweusi pembeni, unakata kona, jicho linadanganyika linaona duara. Mwanangu aliulizwa na mwalimu kwa nini daftari lake la hesabu limejaa mabibo, sijui alijibu nini.

Sasa mama mmoja kutoka Masasi alikuja kwangu kwa shughuli nyingine akakiona kile kitambaa cha bibo. Akanambia dada, kitambaa hiki sina hela nacho, niuzie hiyo karatasi nikadarizi mwenyewe. Nilimuuzia 2,000 na usiku nikawa najiona nimemuibia, karatasi ya daftari elfu mbili! Baada ya wiki akaleta wenzake watatu. Hapo ndo akili ilinijia. Msimu uliofuata nikapandisha bei mpaka 5,000, na kati ya Oktoba na Desemba, hela za mnada wa korosho zikiwa mkononi mwa watu, nikauza michoro 30. Laki moja na nusu kwa bibo lile lile nililolichora mara moja. Januari kimya, Februari kimya, msianze hii kazi mkidhani mauzo ni mwaka mzima.

Lakini wanaodhani kuchora ni kupaka rangi tu viboksi wakae kitako. Mchoro wa kuuza sio mchoro wa kwako. Wa kwako unajua mwenyewe hapa nilimaanisha kijani. Mteja wako hayupo kichwani mwako, yuko Nachingwea au Ruangwa amekaa na kibatari. Kwanza kopi ya rangi steshenari ni ghali, watu wanatoa ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kila rangi lazima uipe alama yake, nukta, duara, pembetatu, na alama mbili zinazofanana usiziweke karibu karibu. Kila baada ya viboksi kumi unakoleza mstari ili mtu ahesabu bila kuchanganyikiwa. Unaweka mshale katikati ya kila upande maana tunaanza kudarizi kati kati ya kitambaa tunaenda nje, ukianzia pembeni utajikuta jogoo hana mkia na kitambaa kimeisha. Unaandika uzi ugawanywe mbili mbili, maana uzi wa kudarizi unakuja nyuzi sita zimeshikana na kwenye aida namba 14 tunatumia mbili. Na kabla hujauza hata nakala moja, unampa mtu mwingine adarizi wewe ukiwa kimya hujamuelekeza kitu. Mimi nampa jirani yangu ambaye hana subira hata kidogo, akikwama anatukana, pale alipotukana ndo pa kurekebisha.

Afu kuna mambo ya nyuzi. Kampuni ya DMC ya Ufaransa ipo tangu mwaka 1746 na rangi zake zina namba, 310 ni nyeusi, 321 ni nyekundu, kifungu kimoja kina mita 8. Ukiandika 321 kwenye mchoro, mtu wa Mtwara na mtu wa Japani wanachomoa nyekundu ile ile. Raha sana. Tatizo zinatoka Kariakoo na zina bei, hivyo mwaka juzi kwenye orodha yangu nikaandika tu nyekundu, nikajua watu watanunua ya bei rahisi isiyo na namba. Mteja mmoja akadarizi kitambaa cha meza cha harusi ya mdogo wake, mabibo 12 kuzunguka pembeni, akakifua kabla ya siku yenyewe ili kinyooke. Akaniletea kwenye mfuko. Kitambaa chote kilikuwa cha waridi, bibo huoni wapi linaanza wapi linaishia, kama mtu kamwaga juisi ya rozela. Hakunigombeza, angenigombeza ingekuwa afadhali. Nilimdarizia kingine bure usiku nane mfululizo. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu una maneno chini, kata kipande cha uzi, loweka, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, kikiacha alama usitumie. Na mzigo wa nyuzi naagiza mapema, maana Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya mvua zilikata barabara pale Somanga na nyuzi zangu zikakaa njiani na wateja wangu wakakaa na mabibo nusu.

Sasa Mhariri nifike kwenye lililonitoa nyumbani.

Nimekwenda steshenari moja hapa mjini kutoa nakala za mchoro mpya. Kijana yuko bize anapiga kopi, karatasi zinatoka kwenye mashine, naziangalia naona bibo. Bibo langu! Na lile kosa langu la jani la kushoto ambalo lina kiboksi kimoja cha ziada, sikulifuta kwa sababu nililizoea. Jina langu lililokuwa chini limekatwa kwa usafi kabisa. Nikamuuliza kijana hii kitu gani, akanijibu kwa furaha kabisa, hii inatoka sana mama, unataka ngapi, moja buku. Nikasimama pale sijui nicheke au nilie. Nikalipa buku nikachukua mchoro wangu nikarudi nao nyumbani, ninao mpaka leo.

Simlaumu yule kijana sana, aliletewa. Nilikuja kujua ulikuwa unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu mmoja alinunua akapiga picha akatuma kwa wenzake arobaini kwa moyo mweupe kabisa, anaona anasaidia. Mtu huyo huyo hawezi kwenda dukani akachukua kifungu cha uzi bila kulipa, ataona ni wizi. Ila mchoro, aa, si karatasi tu. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, michoro imo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndo wanaosimamia, lakini nani atafunga safari kwa ajili ya bibo? Mimi nataka tu watu wajue kwamba ile karatasi kuna mtu alikaa nayo.

Hata wanaotufundisha hawajui. Nilihudhuria semina moja ya ujasiriamali, siitaji ni ya nani, tukapewa fomu tujaze unazalisha bidhaa gani. Nikaandika michoro ya kudarizi. Mwezeshaji akapita akasoma akasita, akasema mama mchoro sio bidhaa, bidhaa ni kitu cha kushika. Nikamwambia nakiuza. Akaniangalia kwa huruma akasema we andika sabuni. Nikaandika sabuni. Mpaka leo kwenye makaratasi yao mimi ni mtengeneza sabuni ya maji.

Niseme na hili kwa sababu linanisumbua usiku. Bibi yangu yuko Newala, ni Mmakonde wa zamani, ana chale za usoni wenyewe wanaziita dinembo, pembe pembe zimepangana shavuni na mistari ya kwenda zigizaga. Siku moja nimekaa naye namtazama nikaona, jamani, hii ni kros-stichi! Haina pindo hata moja, yote ni kona na mistari, inaingia kwenye viboksi kama imezaliwa humo. Miaka yote nahangaika na korosho na mchoro uko mbele yangu unanuka ugoro. Nimesikia Wapalestina wana udarizi wao unaitwa tatreez, misalaba hii hii yetu, zamani ukiangalia nakshi za gauni la mwanamke unajua katoka kijiji gani, na mwaka 2021 UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa utamaduni usioshikika. Na chale za bibi nazo zilikuwa zinasema huyu ni wa wapi. Nikamuomba nizichore. Akacheka sana, kwamba kuna watu watatundika shavu lake ukutani, afu akauliza, na mimi nitapata nini?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye biashara hii. Mimi ninayelalamika kuibiwa bibo nilikuwa nimeshatoa penseli. Tumekubaliana kila mchoro wa shavu ukiuzwa 5,000 yake ni 1,000, anatumiwa kwa simu ya mjomba, na mjomba nimemkanya asikate ya kutolea. Aliyemchanja alishafariki zamani, huyo ndo mchoraji mwenyewe, na yeye hajalipwa na mtu.

Basi ndugu msomaji uliyesema kudarizi sio biashara, karibu kwangu Chuno uje uone, nitakuonyesha daftari la mauzo na lile la mabibo. Na wenzangu wenye vipaji hivi Lindi na Mtwara, milango ya nakshi ya Mikindani bado sijaona aliyeichora, mimi nimejaribu nikashindwa, ile mizunguko mizunguko inataka kitambaa cha viboksi vidogo zaidi, namba 18 hivi, na macho ya kijana. Anayeweza achukue, ila aweke jina lake kati kati ya mchoro sio chini, likiwa kati kati hawawezi kulikata.

Jambo la mwisho Mhariri, hili ni tangazo naomba usilikate. Wiki iliyopita nilimpelekea bibi mchoro wa shavu uliokamilika, akauweka karibu na jicho, akapitisha kidole pole pole, akasema mjukuu wangu hapa umenikosea, mistari inayoshuka kutoka sikioni sio mitatu, ni minne, mmoja umefifia kwa uzee wewe hukuuona. Na kweli, nilipomgeuza juani nikauona. Kwa hiyo wote mlionunua mchoro ule mwezi uliopita, wale tisa, njooni na karatasi zenu niwabadilishie bure. Na yule aliyenunua kopi steshenari aje pia, tutaelewana.

Mama Mdarizi,
Chuno, Mtwara