Barua kwa rafiki kuhusu ukuta wa matofali na tetemeko

Dar es Salaam

Ndugu yangu Rweyemamu,

Salamu kwako na kwa wazee hapo Bukoba. Nimefurahi kusikia kwamba mmeamua kujenga upya upande wa nyumba uliopasuliwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Umeniuliza iwapo inafaa kulipia zaidi ili mpate matofali magumu kuliko yale ya zamani.

Kwa maoni yangu, fedha hiyo iende kwingine. Ukuta wa matofali hubeba vizuri mzigo unaotoka juu, ila tetemeko huusukuma kwa ubavu, na kadiri ulivyo mzito ndivyo nguvu hiyo inavyoongezeka. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, lakini kuta nyingi zilizojengwa kwa udongo bila mkanda wa zege ziliachana kwenye pembe na kuanguka. Hata shule za Ihungo na Nyakato zilibidi zifungwe. Katika Chuo Kikuu Katoliki cha Peru, watafiti hujenga vijumba vya matofali ya udongo juu ya meza inayotikiswa kwa mitambo, na wameonyesha kwamba udongo uleule, ukivishwa wavu wa plastiki pande zote mbili na kufungwa juu kwa mkanda, hupasuka bila kuporomoka.

Kwa hiyo mwambie fundi azungushe mkanda wa zege juu ya kuta zote bila kuukatiza popote. Nguzo za pembeni azimwage baada ya kupandisha matofali, huku akiacha ncha za matofali zikipishana kama meno ili zege iyashike, kama wafanyavyo Chile na Mexico. Mafundi wetu wengi hutanguliza nguzo, kisha matofali huja kujaza nafasi tu. Simama naye pia anapokunja ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo za nguzo. Ncha iliyokunjwa nyuzi 90 hufunguka mara zege ya nje inapobanduka, na nondo za nguzo hubaki bila kizuizi. Ikunjwe nyuzi 135, iingie ndani kabisa ya kiini cha nguzo.

Nitumie urefu na unene wa ukuta wa sebuleni, pamoja na vipimo vya milango na madirisha, kabla hamjanunua nondo. Nitakuchorea mkanda na nguzo zake kwa karatasi moja ambayo fundi ataweza kuifuata.

Wako,
Mussa