Kopo la gramu 800 sio gramu 800 za fedha

Sisi tunanunua mabaki ya amalgamu kwenye kliniki za meno. Wiki hii tena dokta mmoja wa meno wa Buzuruga kapiga simu kwa hasira, eti "nimewapa kopo zima mmenirudishia hela ya vocha". Kauli hii tumeizoea jamani ila leo tuiongelee.

Amalgamu, ile ya kijivu ya kuzibia meno, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Fedha (ya madini, sio ya mfukoni) ipo ndani, kwenye mzigo mzuri inafika robo na zaidi, iliyobaki bati na shaba. Sasa wewe unapima kopo na maji yake, pamba na meno yaliyong'olewa, unafungua Google unaona bei ya fedha unazidisha kwa uzito wote! Kopo la dokta lilisoma gramu 800 kwake, tukalimwaga kwenye trei yeye mwenyewe kasimama hapo, tukatoa pamba na kapsuli tupu za amalgamu, ikabaki 310 na bado haijakauka. Na hiyo zebaki hatuiuzi, wachimbaji wa dhahabu wanakuja kuiulizia kila siku tunawakatalia, kwetu ni gharama tupu, inafungwa, inasubiri vibali vya taka hatarishi, inasafirishwa kwa hela yetu.

Wengine wanaona bora wachome wenyewe. Wameona machimboni Geita kitonge cha dhahabu na zebaki kinapigwa moto, zebaki inapaa, dhahabu inabaki, basi na wao. Kijana mmoja wa kliniki kachomea uani kwake Igoma, jiko la mkaa, sufuria ya nyumbani, watoto wanacheza hapo hapo, na mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Akatuletea bonge jeusi lenye majivu, fedha bado imechanganyika na bati na shaba, tukamlipa chini ya bei ya mzigo wa kawaida. Akauliza kama ile sufuria akiisugua na mchanga inafaa kwa ugali. Tuliichukua sisi.

Jino lenye amalgamu pia lisiende kwenye kichomea taka, ni yale yale. Na msimwage jiki kwenye bomba la sakshen (lile la kufyonza mate), inaachia zebaki, inaenda zake mto Mirongo mpaka ziwani kwa sato wetu. Mabaki ya kwenye kichujio cha sakshen tieni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, makopo tunaleta bure.

Tunapita Alhamisi. Kama mzani wetu huuamini, weka wako mezani.