Kabla hujaikata kamera ya babu uitie sensa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Kampala, Jinja na kwingineko wanaofungua kamera za filamu za wazee wao ili zipige picha za dijitali. Kazi hiyo inawezekana. Lakini kamera nyingi zinaharibiwa bure kwa kosa lile lile: sensa, yaani kipande cha elektroniki kinachopokea picha badala ya filamu, haikai pale filamu ilipokuwa ikikaa.

Chagua kamera ya kimakanika, kama Pentax K1000 au Zenit, ambayo shata yake (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) hufyatuka bila betri. Canon AE-1 haifyatuki bila betri ya volti 6, na ukiiacha wazi kwenye B, alama inayoacha shata wazi muda wote unaobonyeza, unaimaliza betri hiyo. Kamera iliyo nzima usiikate, tafadhali. Tafuta iliyovunjika mlango au iliyokufa kipima mwanga.

Bodi ya kamera iliyo rahisi ni Raspberry Pi HQ, yenye sensa ya megapikseli 12.3, ikiendeshwa na kompyuta ndogo ya Pi Zero 2 W. Waya unaokuja nayo ni wa pini 15, na Zero inataka pini 22. Ununue wa kubadilishia mapema. Fungua skrubu mbili za mgongoni mwa bodi utoe kikombe cha lenzi. Hapa ndipo watu hushangaa picha zao zikitoka na uwaridi: kichujio cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kimegandishwa ndani ya kikombe hicho, nawe umekitoa pamoja nacho. Weka kingine mbele ya sensa, na ukiweke kabla ya kupima fokasi, kwa sababu kioo cha milimita 1 huisukuma fokasi nyuma kwa karibu theluthi ya milimita.

Kupima ndiyo kazi yenyewe. Bodi ni milimita 38 kwa 38 na dirisha la filamu ni 24 kwa 36, hivyo mlango wa zamani hautafunga. Tengeneza mwingine wa plaiwudi, upake rangi nyeusi isiyong'aa. Uso wa sensa uwe sawasawa na reli ambazo filamu hulalia. Fungua tundu la lenzi hadi f/2, weka pete kwenye alama ya mbali kabisa, elekeza kwenye mnara wa msikiti wa Old Kampala. Mnara ukififia huku mti wa karibu ukiwa mkali, sensa iko nyuma mno: punguza washa, vile vibapa vinavyotenganisha bodi na reli. Mnara ukiwa mkali pale tu unaporudisha pete kwenye mita chache, sensa iko mbele mno: ongeza. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, nayo inafaa kwa marekebisho ya mwisho. Usidharau kipimo hicho. Kosa la milimita 0.1 kwenye f/2 hutandaza nukta moja juu ya pikseli zaidi ya 30.

Wakati wa kupiga, panga picha kwanza, weka B, kisha shikilia shata kwa waya wenye skrubu ya kufungia. Kioo kikishapanda huoni kitu tena kwenye kitundu cha kutazamia. Pazia la shata usiliguse kwa kidole hata mara moja.

Wauzaji nao waseme ukweli. Sensa hiyo ina mshazari wa milimita 7.9 tu, wakati wa filamu ni 43. Lenzi ya milimita 50 itaona eneo jembamba kama la lenzi ya 275 kwenye filamu, na hata ya 28 itaona kama ya 154. Ndege ziwani utawapata vizuri. Ukoo mzima kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, hautaupata hata ukirudi nyuma hadi barabarani. Anayetaka picha pana anunue adapta, aifunge lenzi ya babu kwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo cha ndani, na mwili wa kamera auache salama kwa ajili ya filamu.

Fundi wa kamera,
Kampala