Seif, usiifute hiyo Ubuntu kwanza

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Ndugu yangu Seif,

Assalaam aleikum. Habari za Mbagala? Shemeji na wanangu hawajambo? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Nafupisha salamu maana najua mashine imekukalia kooni na wateja wa steshenari hawasubiri. Ujumbe wako kuhusu printa ya Epson iliyogoma kwenye Ubuntu (hiyo Linux uliyoweka badala ya Windows), ule wa "narudisha Windows, hii imenishinda", nimeupata pamoja na picha, na ni hiyo picha iliyofanya nikae niandike badala ya kukutumia voisi.

Picha umepiga mkia, kichwa umekikata. Mstari wa chini kabisa unasema "Unmet dependencies", ambao hauniambii kitu. Apt, ile programu ya Ubuntu inayovuta na kusakinisha vifurushi (programu zilizofungashwa), inapolalamika, chanzo hukaa juu na vurugu zinazofuata hukaa chini, kwa hiyo siku zote nitumie kuanzia pale ulipoandika amri. Mistari inayoanza na N: ni taarifa tu, W: ni onyo, E: ndiyo kosa, na E: ya kwanza ina thamani kuliko zote zinazofuata. Bahati nzuri pembeni nimeona kipande: "Depends: lsb (>= 3.2) but it is not inst…" Hicho kimenitosha.

Uliingia tovuti ya Epson, ukashusha faili la .deb (kifurushi cha Ubuntu) la draiva, programu ya kuiendesha printa, ukalipeleka kwa sudo dpkg -i. Nakosea? Sasa sikiliza. Dpkg hufungua kifurushi ulichokipa mkononi, basi. Haiendi kutafuta vifurushi vingine ambavyo hicho kinavitegemea. Kazi ya kutafuta ni ya apt. Na draiva hizo za zamani za Epson zinadai kifurushi kinachoitwa lsb, ambacho matoleo mapya ya Ubuntu hayana tena. Utatafuta mpaka kesho, hakipo. Matokeo yake draiva imefunguliwa lakini haijasanidiwa, na tangu hapo chochote unachotaka kusakinisha, hata VLC, apt inagoma mpaka hicho kimoja kipatiwe suluhu. Wewe unaona Linux nzima imeoza. Kilichokwama ni kifurushi kimoja.

Thibitisha kwa macho yako. Fungua temino, lile dirisha la amri, andika:

dpkg -l | grep -i epson

Tazama herufi mbili za mwanzo wa mstari. Kifurushi kizima huandikwa ii. Chako naamini kimeandikwa iU: i ndogo maana yake kinatakiwa kiwepo, U kubwa maana yake kimefunguliwa tu, hakijamaliziwa. Kisha:

sudo apt --fix-broken install

Ukiandika paswedi hutaona hata nyota moja, ndivyo ilivyo, andika tu na ubonyeze Enta. Kabla ya kukubali Y, soma orodha iliyo chini ya maneno "The following packages will be REMOVED". Tunataka kuona jina la kile cha Epson peke yake. Ukiona ubuntu-desktop au gnome-shell humo (ndiyo mazingira yenyewe ya desktopu), bonyeza n na usiguse kitu mpaka tuongee. Kikishatoka:

sudo apt update
sudo apt install printer-driver-escpr

Draiva ya printa zako za wino za Epson ilikuwamo kwenye hazina ya Ubuntu, lile ghala la vifurushi mtandaoni, muda wote. Hakikisha inaitambua printa yako ya L3110 kwa sudo lpinfo -m | grep -i l3110. Ukipata mstari wenye jina la printa, chomoa waya wa USB, uchomeke tena, uiongeze kwenye mipangilio ya printa. Apt ikijibu "Unable to locate package", kwanza kagua herufi (ni escpr, watu huandika escp), halafu washa hazina ya universe kwa sudo add-apt-repository universe, rudia update, jaribu tena.

Sasa Kelvin. Umesema alikushauri uongeze hazina ya Kali (Linux nyingine, ya wapimaji wa usalama wa kompyuta) ili upate vifurushi "vinavyokosekana". Umeshafanya? Kelvin tunampenda, lakini ushauri huu ni wa hatari, na vijana wengi wa vyuoni wanauendekeza kwa kuwa Kali inaonekana ya kijanja. Kali inajengwa juu ya Debian ya majaribio. Ubuntu yako ina toleo lake la libc6, ile maktaba ambayo karibu kila programu kwenye mashine inaitegemea. Ukichanganya hazina hizo mbili, apt huona Kali ina matoleo mapya zaidi na kuanza kuvuta kutoka huko, libc6 ikiwemo, na baada ya hapo vifurushi vya Ubuntu vinadai kitu kimoja na vya Kali kingine. Hapo ndipo kosa la apt la "held broken packages", yaani vifurushi vilivyokwama, linakuwa la kweli. Na lsb aliyokuwa anaifukuzia usingeipata huko pia.

Kama uliongeza, tafuta ilipokaa: grep -ri kali /etc/apt/ itakuonyesha faili na mstari. Ukifungua /etc/apt/sources.list kwenye Ubuntu 24.04 ukakuta maelezo matupu, usishtuke. Hazina za Ubuntu zenyewe zimehamia /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources. Weka alama ya # mwanzoni mwa ule mstari wa Kali, hifadhi, piga sudo apt update. Halafu apt-cache policy libc6. Hii amri nakuomba uizoee kuliko zote: inakuonyesha toleo lililopo, toleo linalopendekezwa, na linatoka hazina ipi. Toleo lililopo likiwa bado la Ubuntu, umenusurika. Kama ulipata kosa la NO_PUBKEY (ufunguo wa hazina haujulikani) ukaliacha hivyohivyo, basi apt ilikataa kuiamini hazina hiyo, na kwa mara ya kwanza nafurahi kuona kosa. Ila libc6 ikiwa ya Kali tayari, usijaribu kuirudisha nyuma kipande kwa kipande. Nakili mafaili yako kwenye fleshi, sakinisha Ubuntu upya. Ni kazi ya muda mfupi kuliko huo ukarabati.

Na apt ikikutaka uandike sentensi nzima "Yes, do as I say!", jibu ni hapana, hata nani akuambie. Mwaka 2021 Linus Sebastian wa Linus Tech Tips, chaneli ya YouTube ya kompyuta, alikuwa anasakinisha Steam (programu ya michezo) kwenye Pop!_OS, Linux iliyojengwa juu ya Ubuntu, akaiandika, na mazingira yote ya desktopu yakaondoka kamera ikiwa inarekodi. Yule ni mtu wa kompyuta!

Lile kosa jingine ulilolitaja, "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", si ugonjwa. Ukiwasha mashine asubuhi, huduma ya unattended-upgrades inaanza kuvuta masasisho ya usalama, na wawili hawawezi kuandika kwenye daftari la dpkg kwa pamoja. Mwishoni mwa ujumbe huandikwa jina la anayeishikilia. Ukiona unattended-upgr, subiri. Wale wanaoshauri ufute faili la lock kwa rm wanakupa matatizo: faili ukilifuta, mchakato bado unaendelea kuandika, na sasa umeruhusu wa pili aingie juu yake. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji ni kesi tofauti. Hapo utaona "dpkg was interrupted", na dawa imeandikwa humohumo: sudo dpkg --configure -a. Inamalizia ilipoishia. Ukiwa na yupiesi ya kukupa hata dakika kumi, usisakinishe bila hiyo.

Bando sasa, maana najua unatumia hotspoti ya simu. Apt ikikatika njiani haianzi upya, inaendelea na vipande vilivyobaki kwenye /var/cache/apt/archives/partial, kwa hiyo rudia amri ileile. Kama una bando la usiku, vuta usiku bila kusakinisha:

sudo apt-get install --download-only fonts-crosextra-carlito

Nimeandika apt-get makusudi. Amri ya apt hufuta .deb zake baada ya kumaliza kusakinisha. Apt-get huziacha kwenye /var/cache/apt/archives, na hizo unaweza kuzihamishia kwa fleshi kwenye ile kompyuta ya pili ya dukani, mradi zote mbili ziwe toleo moja la Ubuntu.

Fonti hiyo nimeitaja si kwa mfano tu. Wateja wako wanaleta CV za Word zilizoandikwa kwa Calibri. Bila Carlito, LibreOffice itaweka fonti nyingine, mistari itasogea, na CV ya kurasa mbili itatoka tatu, wakulaumu wewe. Carlito ina upana uleule wa herufi. Ya Cambria ni fonts-crosextra-caladea. Times New Roman na Arial zenyewe zinakuja na ttf-mscorefonts-installer, na hapo watu hukwama: kinatokea kioo cha masharti ya leseni, kina neno Ok chini, kipanya hakifanyi kitu, Enta haifanyi kitu. Bonyeza Tab mpaka Ok iwake, ndipo Enta.

Ukiona "Release file is not valid yet", tazama saa ya mashine. Kompyuta za mtumba nyingi zina betri ya saa iliyokufa, ile ya duara CR2032, na mashine ikiamka inadhani ni mwaka mwingine. Andika sudo timedatectl set-ntp true, ukanda wa saa ni Africa/Dar_es_Salaam, halafu ununue betri.

Nirudi kwenye .deb, maana najua utashusha nyingine tu. Ikibidi, nenda kwenye folda ilipo na uandike sudo apt install ./jina.deb. Hiyo nukta na mkwaju usiziache. Bila hizo apt inadhani unataja kifurushi cha hazinani. Kwa njia hii, kinachokosekana apt inakitafuta, na kisipopatikana inakataa mapema bila kukuachia iU. Ukiongeza -s baada ya install, inafanya maigizo tu bila kugusa kitu. Na kabla ya kushusha, dpkg --print-architecture itakuambia aina ya prosesa: ikisema amd64, faili la arm64 halikuhusu.

Nijibu haya basi. Toleo lako ni lipi, 22.04 au 24.04? (cat /etc/os-release.) Ile ya Kali uliiongeza au uliishia kufikiria tu? dpkg -l inasema ii au iU? Diski ina nafasi, df -h inasemaje? Usipige picha, nakili maandishi kwa Ctrl+Shift+C uyabandike kwenye WhatsApp. Na printa ya Mzee Shomari ulimrudishia, au bado anakuulizia? Skana unaihitaji pia au ni kuprinti tu? Hiyo ina habari yake.

Wasalimie sana nyumbani.

Ndugu yako,
Hamisi