Nota za mjomba na programu niliyoichagua vibaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na vijana wa Unguja na Pemba wanaonunua kompyuta ili watunge muziki nyumbani. Mimi ni mpiga udi wa hapa Wete. Haupiti mwezi bila kijana kuja barazani kwangu na kuniuliza, "Maalim, niweke programu gani?" Jibu langu lina kisa, na kisa chenyewe kimenigharimu kitu nisichoweza kukinunua tena.

Mjomba wangu alikuwa mpiga fidla. Aliniachia daftari la nota, kurasa 40, zote kwa kalamu ya risasi. Pembeni aliandika kwa herufi za Kiarabu jina la makam, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo unaufuata, na kila pahala upinde unapogeuka aliweka kijialama kama ukucha. Nilipopata kompyuta ya mitumba mjini Unguja, muuzaji mmoja akaniuzia kwa shilingi 10,000 diski ya programu ya kuandikia nota, ile iliyokwisha vunjwa kufuli. Nikaona nimepata. Kwa muda wa miezi minane, kila baada ya sala ya isha, nilikaa nikanakili mpaka nikamaliza vipande 14. Daftari nikalitia sandukuni, moyo umetulia.

Masika yaliyofuata programu ikagoma kufunguka. Ikadai namba ya leseni, nami sina. Fundi akakuta kompyuta imejaa virusi vilivyoingia na diski ile ile, akafuta kila kitu, lakini kwanza akanihamishia mafaili yangu kwenye flashi. Mafaili ninayo hadi leo. Hayafunguki kwa programu nyengine yoyote niliyojaribu. Nikakimbilia sanduku. Bati lilikuwa limevuja, na mchwa wameingia kwa chini. Daftari la mjomba lilibaki kipande cha katikati, kama mkate uliokatwa kingo.

Kwa hiyo kijana akija, kabla hatujazungumza uzuri wa sauti namuuliza: siku ukiihama programu hii, nyimbo zako utatoka nazo? Na asidhani aliyenunua kwa halali yuko salama moja kwa moja. Finale ilikuwa programu kubwa ya nota duniani tangu mwaka 1988, wenye bendi na walimu wa muziki wameitegemea umri mzima. Agosti 2024 kampuni yake ikatangaza kuwa haiiendelezi tena. Waliokuwa na kazi zao ndani ya Finale wakaanza kuzihamisha, na mlango waliopitia ni aina ya faili iitwayo MusicXML, ambayo programu nyingi za nota zinaisoma: Sibelius, Dorico, MuseScore. Hilo ndilo neno ninalotaka kijana alishike. Kila ukimaliza kipande, kihifadhi mara tatu: faili la programu yenyewe, MusicXML, na PDF. PDF hata programu zote za nota zikifa utaichapisha na utaipiga kwa macho yako.

Mimi sasa natumia MuseScore. Ni ya bure kwa halali, na msimbo wake uko wazi, maana yake hata waliopo wakiacha, wengine wanaweza kuuchukua na kuuendeleza. Toleo la 4 lilitoka Desemba 2022 na lina sauti tamu sana za fidla na filimbi, lakini sauti hizo hupakuliwa mbali na ni gigabaiti nyingi; kwa bando letu huo ni mzigo. Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 4 na nimebaki na toleo la 3. Linanitosha. Umeme ukikatika, likifunguliwa tena huniuliza kama nirejeshe kazi niliyoiacha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma mimi mpiga udi. Kompyuta hupiga nota kwa kufuata MIDI, utaratibu uliowekwa mwaka 1983. Faili la MIDI halibebi sauti, hubeba maagizo tu: piga nota hii, kwa nguvu hii, iachie hapa. Ndiyo maana ni dogo mno, na ndiyo maana kipande kile kile kikipigwa kwenye kompyuta ya mwenzako huja na sauti nyengine. Mwaka 1991 ikatolewa orodha ya ala 128 za kufuatwa na kila mashine. Imo koto ya Kijapani, imo sitari, imo hata kalimba na zumari ya Kihindi. Udi haumo. Ganuni haimo. Ala mbili zinazobeba taarab yetu tangu enzi za Sayyid Barghash hazina namba. Mimi huweka gitaa la nyuzi za nailoni pahala pa udi, na kwa ganuni huweka santuri ya kugonga kwa vijiti, ile inayoandikwa dulcimer. Hairidhishi, lakini angalau mpangilio unausikia.

Zito zaidi ni robo sauti. Chukua makam ya Bayati inayoanzia re. Nota ya pili, mi, haikai kwenye kitufe cheupe cha kibodi wala cheusi. Inakaa katikati yao. Nilipoisikia kompyuta kwa mara ya kwanza ikiipiga bashraf ya mjomba, yaani kipande cha ala tupu kisichoimbwa, mi ilishuka mpaka kwenye flati kamili, yaani kitufe cheusi, na wimbo ukawa kama mtu anayesoma kwa lafudhi ya kigeni. Mke wangu alikuwa jikoni akaniuliza, "Huo wa nani?" Ni wimbo anaoujua tangu hatujaoana.

Dawa ipo. Nusu sauti moja, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kibodi hadi cha jirani yake, imegawiwa senti 100, na robo sauti ni senti 50. MuseScore inayo sehemu ya kurekebisha nota kwa senti: zile mi naziweka bila flati, nazichagua, naandika 50 kasoro, yaani na alama ya kutoa mbele, basi inakaa pake. Zinachaguliwa zote kwa pamoja, si lazima uzihangaikie moja moja. Hata hivyo wapigaji wanajua kuwa mi ya makam ya Rast na mi ya Bayati haziko pamoja kabisa, kwa hiyo mimi huijaribu kwa udi mkononi, mara 45, mara 55, mpaka sikio likubali. Programu isiyokupa uwezo huo, kijana wangu, usiichukue hata ukipewa bure, kwa sababu baada ya mwaka sikio lako litazoea kosa na utaanza kumsahihisha mzee aliye sawa.

Kwa kusikilizia, VLC inatosha na ni ya bure pia. Tungo lako la kuhifadhi liweke katika WAV, faili la sauti lisilopunguzwa kitu, ambayo dakika moja ni kama megabaiti 10, halafu utoe MP3 ya kuwatumia watu kwenye simu. Usifanye kinyume, ukaacha MP3 tupu. Kilichopunguzwa humo hakirudi.

Na vikundi vyetu, kuanzia Ikhwan Safaa ya tangu 1905 hadi vya mitaani visivyo hata na ofisi, nawaomba wapige picha madaftari yao kwa simu leo, kabla ya kumtafuta mtu wa kuyaandika kwenye kompyuta. Mimi nililifunga daftari nikiamini mashine. Ningelipiga picha kurasa zile 40 kwa jioni moja tu.

Nina ombi la mwisho. Katika vipande vilivyobaki kuna bashraf ya Rast isiyo na jina la mtungaji. Nina khana, yaani sehemu, ya kwanza, ya pili na ya nne, pamoja na taslim yake, yaani kile kipande kinachorudiwa baada ya kila khana. Khana ya tatu imeliwa yote, isipokuwa nota tano za mwisho zinazopanda kutoka sol mpaka re ya juu. Mwenye kuijua, hata kwa kuipiga bila kuiandika, naomba amwandikie Mhariri, nami nitamfuata alipo, Unguja au Pemba, na udi wangu.

Mpiga udi,
Wete, Pemba