Barua kwa Mdogo Wangu Kuhusu Ile Filamu ya Baiskeli

Mdogo wangu,

Wiki iliyopita mwanao aliniandikia kwenye simu: "Shangazi, baba amesema nikuulize wewe. Ile filamu ya skrini kubwa ya mbio za baiskeli inafaa kuangaliwa?" Ujumbe huo nimeusoma mara nyingi, na kila mara macho yangu hukwama kwenye yale maneno manne, baba amesema nikuulize wewe, kwa sababu ungeweza kumjibu mwenyewe. Tuliitazama pamoja Mei 2006, wiki ya mahafali yangu, tukiwa tumekaa bega kwa bega, nawe ulishika mikono ya kiti kwa nguvu kila barabara ilipoteremka mbele yetu.

Inafaa. Nalisema hilo kwanza ili usidhani kwamba yaliyotokea baadaye yamenifanya niikane.

Wired to Win ilitoka mwaka 2005, lakini picha zake zilichukuliwa katika Tour de France ya mwaka 2003, mbio za baiskeli za wiki tatu nchini Ufaransa, zilipokuwa zikitimiza miaka 100. Ni filamu fupi, na bado nakumbuka ilivyotutoa jasho, maana picha yake iko kwenye mkanda wa milimita 70 unaopita kwenye mashine kwa ubavu, na mtu anapooneshwa picha hiyo kwenye ukuta mrefu kuliko nyumba ya ghorofa huona kila mshipa wa paja la mwendeshaji na kila kokoto ya lami. Zile picha za kompyuta zinazotuingiza ndani ya ubongo ili kueleza maumivu na woga vinavyosafiri mwilini ni nyingi kuliko ningependa, ingawa mwanao, kwa jinsi anavyopenda somo la baiolojia, huenda akazipenda kuliko sisi. Ninayo diski yake tu, na kwenye runinga ya sebuleni atapoteza sehemu kubwa ya utamu wake, hasa ile ya milimani.

Filamu inawafuata vijana wawili wa timu moja ya Kifaransa, Baden Cooke wa Australia na Jimmy Casper wa Ufaransa. Cooke ndiye aliyeipigania jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi kuliko wote, hadi siku ya mwisho kwenye barabara ya Champs-Élysées, akamshinda Mwaustralia mwenzake, Robbie McEwen, kwa pointi 216 dhidi ya 214. Wiki tatu za kuumia, zikaamuliwa na pointi mbili! Hapo mwanao ataruka kwenye kiti, kwa kuwa ukutani mwake ameshabandika picha ya Biniam Girmay wa Eritrea akiwa na jezi hiyo hiyo mwaka 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwaa.

Casper ndiye anayenikosesha usingizi. Katika hatua ya kwanza, mita mia chache tu kabla ya mstari wa kumalizia pale Meaux, waendeshaji walirundikana chini, naye aliumia shingo. Kesho yake alirudi barabarani akiwa amefungwa kola ya matibabu shingoni. Ulinigeukia gizani ukaninong'oneza, "Dada, umemwona huyo?" Nilimwona. Nilirudi naye nyumbani moyoni, na miaka miwili baadaye nikaja nikakutwisha.

Sina haja ya kukueleza habari za Kikafu, ulikoanguka kwenye zile mbio zako za kuelekea Moshi. Lakini hujawahi kuzisikia kutoka kwangu, kwa kuwa tangu siku ile tumekuwa tukizungumzia mvua, ada za shule na bei ya mbolea. Nilishuka kwenye pikapu iliyokuwa ikiwafuata, nikakukuta umekaa ukingoni mwa lami, mkono wa kushoto umeubeba wa kulia, na chini ya zipu ya jezi mfupa wa mtulinga ulikuwa umeinua ngozi kama kijiti kinavyoinua turubai. Niliuona. Sitasema sikuuona. Niliinamisha baiskeli, nikarudisha mnyororo kwa vidole vyangu, nikakushika kiuno na kukukalisha kwenye kiti, nikakwambia kwamba yule Mmarekani, Tyler Hamilton, alivunjika mtulinga kama wako katika ajali ile ile ya Casper na bado akaendesha wiki tatu, akashinda hatua ya Bayonne akiwa peke yake, akamaliza wa nne. Ulinitazama tu. Kisha ukaendesha hadi Moshi kwa mkono mmoja.

Ungeniambia, "Dada, siwezi," ningeita gari papo hapo. Nakuapia. Nawe ulikuwa na miaka 22, hukuwa mtoto wa kusubiri kuruhusiwa kulia. Nimelirudia neno hili kichwani kwa miaka mingi, na sasa ninapoliandika naona halinisaidii, kwa kuwa najua ni nani aliyekulea tangu Baba alipofariki, na ni lini uliwahi kunikatalia jambo.

Kuhusu huyo Hamilton, lazima tuongee. Yeye ndiye aliyekusudiwa kuwa kiini cha filamu hiyo, akaondolewa baada ya kupatikana na kosa la kuongezewa damu kinyume cha sheria za mchezo mwaka 2004. Alipofungiwa miaka miwili aliendelea kukana, nami nilikuwa miongoni mwa waliomwamini. Mwaka 2008, pale Kikafu, bado nilikuwa namwamini. Mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alitumia dawa zilizopigwa marufuku. Nilisikia habari hiyo nikiwa jikoni, nikazima jiko, nikakaa chini. Mwaka uliofuata aliyeshinda mbio zile za 2003, Lance Armstrong, naye akavuliwa mataji yake yote saba. Sisemi kwamba maumivu ya Hamilton yalikuwa ya uongo, maana mfupa ukivunjika umevunjika, ila nilichukua ushujaa wa mtu aliyekuwa na msaada uliofichwa, nikaufanya kipimo cha kijana aliyekuwa na chupa ya maji na ndizi mbili mfukoni.

Kwa hiyo mwanao aitazame, lakini ajue kwamba filamu inaonesha ubongo na misuli, ila haioneshi kilichokuwa kwenye damu ya waendeshaji wengi wa miaka ile. Huo ndio upungufu wake mkubwa, na usipoelezwa kwa mtoto wa miaka 14 unaweza kumpoteza kama ulivyonipoteza mimi niliyekuwa na shahada.

Jingine niligundua mwezi huu, nilipoitoa diski ndani ya sanduku na kuitazama tena peke yangu. Casper hakumaliza. Milimani kulimshinda akaishia huko, na mwaka uliofuata akarudi kwenye mbio zile zile akafika Paris wa mwisho kabisa. Miaka yote hii nilikuwa nimeibakiza kola na kuisahau siku aliyoacha. Laiti ningekukumbusha siku hiyo pale Kikafu, huenda bega lako lingeunga sawasawa, na kwenye maziko ya Mama nisingekuona ukihama kimya kimya ili ubebe jeneza kwa bega la kushoto.

Uliniona nikikutazama siku ile, ukageuza uso. Hilo nalo limeniuma, kwa kuwa nilikuwa nakuja kwako.

Diski nitaileta Jumamosi, na nitakukabidhi wewe, si yeye. Ukitaka aione nami nikiwapo, nitakaa kwenye mkeka nyuma yenu. Tukifika pale Casper anaposhuka kwenye baiskeli, tafadhali simamisha kidogo, nimweleze mtoto habari za Kikafu kwa kinywa changu, isipokuwa kama umeshamweleza.

Dada yako