Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wagonjwa wa Figo

Ndugu wanachama, wagonjwa na ninyi mnaotuuguza,

Kabla ya yote, tusimame dakika moja kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu.

Hesabu mnazo mkononi na Mhazini atazisoma. Michango imeyumba, ila mfuko wa nauli haujakauka. Mimi nitaongelea jambo lililoishughulisha kamati kuliko yote: akili ya mgonjwa wa figo.

Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Vipimo vya wateja wake wa zamani anavitaja mpaka leo bila daftari, lakini siku moja alikata mguu uleule wa suruali mara mbili, ule mwingine akausahau. Nyumbani wakasema uzee. Jirani akasema karogwa. Daktari bingwa tuliyemwalika alitueleza kwamba kwa wagonjwa wetu, mara nyingi kinacholegea mapema si kumbukumbu. Ni uwezo wa kupanga hatua, kutuliza mawazo na kufikiri upesi. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo ya figo, na ya ubongo vilevile. Hapo ongeza upungufu wa damu, sumu zinazobaki mwilini, usingizi wa mang'amung'amu, na presha inayoshuka ghafla mashineni, wakati wa kusafishwa damu, hasa kwa aliyekuja na kilo nyingi za maji yaliyojaa mwilini.

Mwaka 2006 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 338 wa kusafishwa damu, wenye miaka 55 na zaidi. Wenye akili timamu kabisa hawakufika 13 katika kila 100; wenye tatizo kubwa walikuwa 37. Walioandikiwa tatizo hilo kwenye faili? Hawakufika 3. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniudhi. Tunapimwa kreatinini (taka ya mwili inayopaswa kuchujwa na figo), potasiamu, wingi wa damu, uzito wa kuingia na wa kutoka. Akili haiulizwi, na anayesahau dawa anaitwa mkaidi.

Imeonekana pia kwamba mgonjwa hufikiri vibaya zaidi akiwa mashineni, na vizuri zaidi muda mfupi kabla ya kuunganishwa au kesho yake. Sasa sisi maelekezo yote tulikuwa tukipewa wapi? Palepale kitandani, mipira mkononi, saa ya tatu ya kusafishwa: dozi mpya, chakula, karatasi za bima. Baada ya barua zetu, wauguzi wamekubali kuongea nasi kabla, ndugu akiwepo, na kutuandikia.

Fundi wetu ametibiwa upungufu wa damu na presha imetulia. Anashona tena, nguo nyepesi tu. Mkewe humwandikia hatua kwa chaki ukutani. Si wote watakaopata nafuu hiyo. Kwa wengine tatizo ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo inatibika, hivyo isifichwe. Upandikizaji wa figo, ulioanza hospitali ya Muhimbili mwaka 2017, nao huwarejeshea wengi sehemu ya umakini wao, kwa aliyepata mtu wa kumchangia figo na aliyemudu gharama.

Kamati inaomba kura yenu kwa mambo mawili: kila mwanachama aandikishe msindikizaji mmoja wa kudumu, na tununue madaftari ya dawa kabla ya fulana za chama. Najua fulana zina wapenzi wake. Fomu ziko kwa Katibu. Asiyeweza kuandika ajaziwe na ndugu yake.